Shule ya umma imefungwa: fedha zipi zimsomeshe mtoto? Ulinganisho kwa wazazi walioko Marekani

Shule hufungwa kwa namna tatu, na mzazi anayezichanganya huishia kuomba fedha zisizomfaa. Namna ya kwanza ni ya siku chache: walimu wamegoma, au tufani limepita. Walimu wa Chicago waligoma mwaka 2019, watoto wakakosa siku 11 za masomo. Huko Portland, Oregon, mgomo wa Novemba 2023 nao ulikula siku 11. Namna ya pili ni ya miezi, kama ile ya janga la korona iliyoanza Machi 2020. Ya tatu ni ya kudumu: wilaya ya shule imehesabu watoto, imeona madarasa yamebaki nusu tupu, bodi imepiga kura, na jengo linafungwa Juni lisifunguliwe tena.

Nawaandikia wazazi wenzangu, hasa sisi tunaoisoma barua ya wilaya mara mbili: mara ya kwanza peke yetu, mara ya pili tukiwa na mtoto mkubwa pembeni atufasirie. Nimekaa kwenye meza nyingi za namna hiyo, na Wakongomani waliopitia kambini, na Wakenya na Watanzania waliokuja kwa kazi. Swali linalotangulia huwa lile lile: serikali inatoa dola ngapi? Mimi ningependa litanguliwe na jingine. Jumatatu asubuhi mtoto atakaa kwenye kiti gani, na nani atamfikisha?

Sisemi hivyo kwa sababu fedha hazina maana. Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyotokea Virginia.

Fedha zilikuwapo, kiti hakikuwapo

Mwaka 1951 wanafunzi weusi wa sekondari ya Moton, mjini Farmville katika kaunti ya Prince Edward, waligoma wakidai jengo lenye hadhi. Aliyewaongoza alikuwa msichana wa miaka 16, Barbara Johns. Kesi yao iliunganishwa na nyingine katika hukumu ya Brown ya mwaka 1954, iliyokataza kuwatenga watoto shuleni kwa rangi. Mahakama zilipoamuru kaunti ianze kuwachanganya watoto, viongozi wake waliamua mwaka 1959 kutotoza kodi ya shule hata senti moja. Shule zote za umma zikafungwa. Zilikaa hivyo miaka mitano.

Sasa angalia upande wa fedha. Mwaka 1960 jimbo lilianzisha ruzuku ya ada: dola 125 kwa mtoto wa shule ya msingi, 150 kwa wa sekondari. Kaunti ikaongeza 100 juu yake, jumla zikawa 225 na 250. Na kwa maandishi ruzuku ile ilikuwa ya kila mtoto, wa rangi yoyote. Mzazi mweusi angeweza kuiomba. Angeipeleka wapi? Shule binafsi zilizofunguliwa pale zilikuwa za wazungu peke yao. Watoto weusi takriban 1,700 walibaki bila shule; wengine walipelekwa kwa ndugu mbali na nyumbani, wengine walikaa tu. Septemba 1963 zikafunguliwa shule za bure za muda, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Griffin, ikaamua kwamba kaunti haiwezi kufunga shule za umma kwa ubaguzi huku ikilipia za binafsi.

Kila nikisikia mpango mpya unaotangazwa kwa kiasi chake cha dola, naikumbuka ile 225. Kwa hiyo katika ulinganisho huu nitapima kila aina ya fedha kwa mambo matatu: nani anazishika, zinafika lini, na je, kuna mahali zinapopokelewa karibu na unapoishi.

Kwa mwenye haraka, huu hapa muhtasari. Maelezo yanafuata, na hayatalingana kwa urefu, maana mambo yenyewe hayalingani kwa uzito.

| Njia | Nani anashika fedha | Inafaa shule ikifungwa vipi | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Uhamisho ndani ya shule za umma | Wilaya | Kwa kudumu. Pia kwa miezi | Basi, umbali, shule mpya kujaa |
| Akaunti ya elimu (ESA) au vocha | Jimbo, kwa niaba yako | Kwa kudumu tu | Ada inayozidi, kukataliwa, mkataba |
| Ruzuku ndogo ya dharura | Wewe, kupitia pochi ya mtandaoni | Kwa miezi | Kesi mahakamani, fedha kuisha |
| Fedha za chakula au taslimu | Wewe | Kwa miezi | Hutegemea sheria ya wakati huo |
| Akiba yako (529) | Wewe | Yoyote, kama uliweka mapema | Haina kitu kama hukuweka |

Kuhama ndani ya mfumo wa umma

Hii ndiyo njia ambayo wazazi huiruka, kwa sababu haiji na hundi. Fedha zinabaki kwa wilaya na zinamfuata mtoto kwenye shule inayompokea. Wewe huoni dola, ila mtoto ana kiti.

Mwaka 2013 Chicago ilifunga karibu shule 50 kwa mpigo, nyingi za msingi, katika mitaa ya watu weusi na Walatino ya kusini na magharibi ya mji. Kila shule iliyofungwa ilitajiwa shule ya kuwapokea watoto wake. Fedha za mpango zilikwenda huko: viyoyozi, maktaba, iPad kwa wanafunzi. Watu wazima waliwekwa njiani kuwasindikiza watoto, kwa sababu baadhi yao walilazimika kuvuka maeneo ya magenge hasimu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walioufuatilia mpango huo waliona kwamba alama za watoto zilishuka zaidi katika mwaka ule wa tangazo, wakati jengo lao lilikuwa bado wazi.

Hilo la mwisho nalitilia mkazo. Wazazi wengi husubiri mpaka mtoto ahamie shule mpya ndipo waombe msaada wa masomo. Ukweli ni kwamba mwaka wa wasiwasi, walimu wakitafuta kazi kwingine na watoto wakiagana, ndio mwaka mbaya. Kama wilaya yako imetangaza kufunga Juni, omba masomo ya ziada Novemba, na uyaombe kwa maandishi.

Kiti cha umma kina vitu ambavyo havionekani mpaka uvikose. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1982, kesi ya Plyler, kwamba shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu hana karatasi za uhamiaji. Mwaka 1974, kesi ya Lau, iliamuliwa kwamba wilaya haiwezi kumweka mtoto asiyejua Kiingereza darasani na kumwacha aelee mwenyewe. Lazima imsaidie aielewe lugha ya masomo. Kwa familia iliyofika miaka miwili iliyopita, haki hizo mbili zina thamani kuliko ruzuku nyingi ninazozijua. Shule binafsi haibebi wajibu huo kwa kiwango kile.

Halafu kuna elimu maalumu. Mtoto mwenye ulemavu aliye shule ya umma ana mpango wake wa maandishi, ule unaoitwa IEP, na wilaya ikishindwa kuutekeleza mzazi ana njia ya kudai, hata kudai fidia ya huduma zilizokosekana shule ilipokuwa imefungwa. Mzazi akimhamisha kwa hiari yake kwenda shule binafsi, sheria ya shirikisho haimpi tena mtoto huyo haki binafsi ya huduma zile zote. Ni kweli majimbo mengi huongeza fedha kwa watoto hawa kwenye akaunti zao. Lakini fedha na haki ya kudai ni vitu viwili. Hapa sina maneno ya kupakapaka: kama mtoto wako ana IEP, usisaini karatasi yoyote ya kumtoa shule ya umma kabla hujaongea na mtu anayejua sheria hiyo, ambaye si mwajiriwa wa wilaya wala wa shule unayotaka kumpeleka.

Udhaifu wa njia hii ni basi. Shule inayopokea inaweza kuwa maili tatu kutoka nyumbani, na kila wilaya ina kipimo chake cha umbali unaompa mtoto haki ya kusafirishwa. Uliza namba ya maili, usiulize "kuna basi?" Jibu la swali la pili ni ndiyo, halafu Agosti unagundua wewe uko ndani ya duara la wanaotembea. Kama familia imepoteza makazi na inaishi kwa ndugu au hotelini, sheria ya McKinney-Vento ya 1987 inampa mtoto haki pana zaidi ya usafiri. Wengi wetu hatujui kwamba kubanana kwa shangazi baada ya kushindwa kodi ya nyumba kunahesabika humo.

Usisahau pia shule za chata, zile za umma zinazoendeshwa kwa mkataba. Hazitozi ada, ila nyingi hazina basi, na nafasi zikiwa chache wanapiga kura ya bahati.

Akaunti ya elimu na vocha

Hapa ndipo kwenye kelele zote, kwa hiyo twende taratibu.

Vocha ni ya zamani zaidi na ni rahisi kuielewa: jimbo linalipa ada ya shule binafsi, yote au sehemu. Akaunti ya elimu, ESA, ni pana. Jimbo linaweka fedha kwenye akaunti ya mtoto, nawe unalipia vitu vilivyoruhusiwa: ada, mwalimu wa tuisheni, vitabu, tiba ya kuongea. Arizona ilianza mwaka 2011 kwa watoto wenye ulemavu, na mwaka 2022 ikafungulia kila mtoto wa jimbo. Kwa mtoto wa kawaida ni kama dola 7,000 kwa mwaka, zinazoingia kwa robo. Iowa ilipitisha yake 2023, nayo ni kwa wanaosoma shule binafsi zinazotambulika, si kwa anayefundishwa nyumbani. Florida ilifungulia wote mwaka huo huo. Texas ilipitisha sheria yake Mei 2025, kuanzia mwaka wa masomo 2026–27, ikiwa na fungu la dola bilioni 1: karibu 10,000 kwa anayekwenda shule binafsi, hadi 30,000 kwa mwenye ulemavu, 2,000 kwa anayesomea nyumbani. Waombaji wakizidi fungu, kuna utaratibu wa nani atangulie. Sheria ya Texas pia inataka mtoto awe raia au awe ameingia nchini kihalali, jambo ambalo shule ya umma haimuulizi.

Ukiona tofauti kati ya majimbo hayo manne tu, utaelewa kwa nini siwezi kusikia "ESA inalipia hiki" bila kuuliza ya wapi.

Mama mmoja Mkongomani aliniita jioni moja, sauti yake ikiwa juu. "Kaka yangu, elfu saba! Wametupa elfu saba!" Shule ya mtaani kwake ilikuwa imefungwa na alikuwa amepata barua ya akaunti. Tuliketi tukapiga hesabu kwenye bahasha. Namba zake sizitoi, ila hesabu ya namna ile huenda hivi. Shule inatoza 8,800. Sare na vitabu 600. Chakula cha mchana dola 4 kwa siku 180 ni 720. Jumla 10,120. Toa 7,000 za akaunti, zinabaki 3,120 za mfukoni, na bado hujagusa petroli, wala saa za kazi anazokosa anayempeleka mtoto na kumrudisha. Kwenye shule ya umma watoto wake walikuwa wakila bure na kupanda basi bure. Mama yule alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe wamenipa deni." Hakuwa amepewa deni, ila alikuwa amepewa punguzo la bei ya kitu ambacho hakupanga kukinunua.

Jambo la pili ni mkataba. Arizona, kwa mfano, mzazi anasaini kwamba mtoto hatasoma shule ya umma ya kawaida kwa muda akaunti inapotumika. Kwa aliyefungiwa shule moja kwa moja, hilo linaweza kuwa sawa. Kwa aliyefungiwa na mgomo wa wiki mbili, ni kosa. Walimu watarudi, basi litapita mbele ya nyumba yako, na wewe umeshamtoa mtoto. Unaweza kumrudisha, lakini utaanza upya na makaratasi, na akaunti itafungwa.

La tatu ni kwamba shule binafsi ndiyo inayochagua. Inaweza kuwa na mtihani wa kuingia, sharti la dini, au kukosa kabisa mwalimu wa mtoto asiyejua Kiingereza. Mzazi huchagua shule tatu, kisha shule ndiyo humchagua mtoto. Na vijijini pengine hakuna hata moja ya kuchagua.

Pamoja na hayo yote, siko upande wa wanaosema akaunti hizi hazimfai yeyote. Nimeona familia ambayo parokia yao ina shule umbali wa mitaa miwili, ada iko chini ya kiasi cha akaunti, babu yupo nyumbani wa kumsindikiza mtoto, na shule ya umma iliyobaki iko mbali. Kwao ESA ni jibu zuri. Kiti kilikuwapo kabla ya fedha.

Ruzuku ndogo za dharura

Machi 27, 2020 ilitiwa saini sheria ya CARES, ya fedha za janga, na ndani yake dola bilioni 3 ziliachwa mikononi mwa magavana kwa ajili ya elimu. Baadhi yao walizielekeza kwa familia. Majimbo matatu yanatosha kuonyesha njia hii inavyoweza kwenda.

Idaho ilitenga dola milioni 50, fedha za CARES pia: 1,500 kwa mtoto, kikomo 3,500 kwa familia. Soma hiyo ya pili tena kama una watoto watatu, maana 1,500 mara tatu ni 4,500 na mtoto wa tatu anapata mabaki. Familia zetu ni kubwa, na kikomo cha familia ndicho kipengele ninachokitafuta kwanza kwenye fomu yoyote.

Oklahoma ilitoa pochi ya mtandaoni ya dola 1,500. Fedha zilifika upesi, na usimamizi ulikuwa hafifu. Televisheni, majiko ya kuchomea nyama na miti ya Krismasi vilinunuliwa humo. Wakaguzi wa Wizara ya Elimu ya shirikisho mwaka 2022 walitaka zaidi ya dola 650,000 zirudishwe. Kwa mzazi, funzo lake ni dogo na la kazi: weka kila risiti, hata ya daftari, na usinunue kitu ambacho utaona haya kukieleza mbele ya mkaguzi, hata kama mfumo umekikubali.

Carolina Kusini ndiko kulikouma. Gavana alitangaza dola milioni 32, hadi 6,500 kwa mtoto, kwa ada za shule binafsi. Kesi ikafunguliwa, na Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba katiba yao hairuhusu fedha za umma kunufaisha shule binafsi moja kwa moja. Mwaka wa masomo ulikuwa umeshaanza. Tangu hapo, mtu akiniuliza kuhusu mpango mpya, swali langu ni kama kuna kesi mahakamani. Ikiwapo, usilipe amana isiyorudishwa.

Ruzuku za aina hii zina sifa moja kubwa: hazikutaki umtoe mtoto shule ya umma. Unanunua laptopu, unalipia intaneti, unamlipa mwalimu wa hesabu wa jioni, na shule ikifunguliwa mtoto anarudi palepale. Kwa shule iliyofungwa kwa miezi, naiweka mbele ya ESA bila kusita. Tatizo ni kwamba huzaliwa na janga na kufa nalo, kwa hiyo huwezi kuipangia.

Chakula, na fedha zisizo na masharti ya shule

Utashangaa nimeweka chakula kwenye makala ya elimu. Lakini kwa familia nyingi kitu cha kwanza shule inapofungwa si somo la hesabu. Ni milo miwili kwa siku iliyotoweka.

Machi 2020 Bunge la Marekani lilianzisha P-EBT: shule ikifungwa siku tano mfululizo au zaidi kwa sababu ya janga, mtoto anayekula bure au kwa punguzo aliwekewa thamani ya milo yake kwenye kadi. Kiasi cha mwanzo kilikuwa dola 5.70 kwa siku. Siku 20 za masomo ni 114, na kwa watoto watatu ni 342 kwa mwezi. Si nyingi, lakini familia nyingi hazikujaza fomu yoyote; kadi ilikuja kwa posta. (Wengine waliitupa wakidhani ni matangazo ya benki. Bahasha nyeupe za serikali ya Marekani hazina haya kufanana na za wauza bima.)

Mwaka 2021 nafuu ya kodi ya watoto iliongezwa kwa muda: 3,600 kwa mtoto chini ya miaka 6, na 3,000 kwa wa miaka 6 hadi 17. Nusu ilitolewa kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba, 250 au 300 kwa mtoto, na mzazi alizitumia apendavyo. Hakuna risiti, hakuna orodha ya vitu vilivyoruhusiwa. Mzazi aliyehitaji kupunguza saa za kazi ili akae na mtoto wa darasa la pili alipata pa kushika, jambo ambalo hakuna ESA inayolilipia.

Mipango yote miwili ilikwisha. Kilichobaki ni SUN Bucks, dola 120 za chakula kwa mtoto kwa kiangazi, tangu 2024, katika majimbo yaliyojiunga. Haihusu mgomo wala kufungwa kwa jengo. Mgomo ukitokea, wilaya nyingi hugawa chakula katika vituo vya mtaani. Piga simu siku ya kwanza.

Akiba yako mwenyewe

Kwa kifupi, maana anayeihitaji leo hana muda wa kuijenga. Akaunti ya 529, yaani ya kuweka akiba ya elimu kwa nafuu ya kodi, awali ilikuwa ya chuo kikuu. Tangu 2018 unaweza kutoa hadi 10,000 kwa mwaka kulipia ada ya shule ya msingi au sekondari, na kuanzia 2026 kikomo ni 20,000, na sheria ya Julai 2025 imeongeza vitabu na tuisheni katika yanayoruhusiwa. Jimbo lako huenda lisifuate: California haiutambui utoaji huo wa shule za chini, na itakutoza kodi. Sheria hiyo hiyo ya 2025 imeleta nafuu ya hadi dola 1,700 kwa anayechangia mashirika ya ufadhili wa wanafunzi, kuanzia 2027, katika majimbo yatakayokubali kujiunga. Hiyo nafuu ni ya mchangiaji. Wewe utaomba ufadhili kwa shirika, nalo litachagua.

Nikae kidogo kwenye kitu cha zamani ninachokipenda. Vermont tangu 1869 na Maine tangu 1873 zina utaratibu wa miji midogo isiyo na shule ya ngazi fulani kumlipia mtoto ada katika shule ya mji mwingine au shule binafsi iliyoidhinishwa. Mji unailipa shule. Mzazi hashiki risiti wala pochi. Ukihamia kijiji cha huko na ukaambiwa "hatuna sekondari", usitishike; muulize karani wa mji wanalipia wapi.

Ningechaguaje

Mgomo: nisingesaini chochote. Ningetafuta chakula cha wilaya, nikakubaliana na majirani wawili tupokezane watoto, nikangoja.

Miezi bila tarehe ya kurudi: ningebaki nimeandikishwa shule ya umma, ningedai kompyuta na intaneti kutoka wilayani, na ningeomba kila ruzuku isiyotaka nimtoe mtoto.

Kwa kudumu: ningeitembelea shule inayopokea siku ya kazi, saa mbili asubuhi, nikiwa na mtoto, kwa njia ile ile atakayopita. Njia ikiwa salama na shule ikiwa na mwalimu wa wasiojua Kiingereza, ningemhamishia hapo. La sivyo, ndipo ningefungua ukurasa wa ESA, nikiwa tayari nina barua ya kukubaliwa kutoka shule binafsi, yenye ada yote ya mwaka imeandikwa, pamoja na ada ya usajili, ya kompyuta na ile ya "michango ya hiari" ambayo huwa si ya hiari.

Na kwa vyovyote utakavyoamua, usingoje Juni kuchukua rekodi za mtoto. Sheria ya shirikisho ya 1974 inakupa haki ya kuziona, na shule ina siku 45 za kukutimizia ombi lako. Omba kwa maandishi Machi: alama, chanjo, IEP kama ipo, na matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Jengo likishafungwa, karani aliyekuwa akiwajua watoto wote kwa majina anakuwa amehamishiwa ofisi nyingine, na masanduku yako kwenye ghala.